Mgongo wa Kumshusha Mama

Nilirudi Likoni na stashahada ya uchukuzi wa shehena, niliyoisomea ughaibuni huku nikiosha vyombo hotelini. Mtaani kwetu hakuna aliyekuwa nayo. Nikapewa meza katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini, na kwa miaka sita sikuinuka kitini ila kwa chakula na sala. Kiuno kikaanza kuuma. Nikanunua kiti cha ngozi, cha mabosi. Maumivu yakaketi nami humo.

Siku moja mazikoni kwa jirani nilishindwa kuinama kuchota udongo. Habari ilimfikia mama kabla sijavua viatu.

"Baba, njoo."

"Labeka, mama."

"Ulivuka bahari kwenda kusomea kukaa?"

"Ni kiuno, mama."

"Na mimi nani atanishusha? Watoto wa watu?"

Kwetu mwanamke hupokewa kaburini na wanaume wa damu yake. Mwana wa kiume nilikuwa mimi peke yangu, na wajomba zangu wawili walikuwa wazee.

Hospitalini, binti wa mazoezi ya viungo, aliyenizidi ukali lakini si elimu, alininyima sindano. Alinilaza chali, magoti juu, niinue nyonga na kuhesabu hadi kumi. Kisha nikae kwa viganja na magoti, ninyooshe mkono mmoja na mguu wa upande wa pili. Nilitikisika kama kuku aliyechinjwa.

"Kiti chako hakina kosa," alisema. "Misuli imelala. Fanya kila siku, na kazini usimalize nusu saa bila kusimama."

Nilifanya kila alfajiri baada ya sala, kwenye mkeka uani, mama akikuna nazi kando.

"Inua! Utanidondosha wewe!"

Miezi ilipopita nikaruhusiwa kuinua gunia la mchanga, kidogo kidogo, kwa kukunja magoti.

"Mimi ni mifupa mitupu," mama alicheka, "lakini lizoee hilo gunia, nisije nikanenepa."

Hakunenepa. Alifariki mwaka wa tatu wa mkeka ule. Kaburini, wajomba walishika kichwa na miguu. Kiunoni, penye uzito wote, nilisimama mimi. Nilikunja magoti, nikamlaza ubavu wa kulia taratibu, wala sikumwachia mtu sehemu yangu. Mikono ya kunivuta ilinyooshwa kutoka juu. Sikuishika. Nilipanda mwenyewe, nikainama, nikachota udongo.