Siku Niliyomkatalia Bi Harieti Kufa

Mmeanza kucheka kabla sijafungua mdomo, na najua ni nani aliyewadokeza, lakini sawa, wacha niwape yote mwenyewe, maana aibu ukiisimulia wewe inapungua kidogo, ikisimuliwa na watu wa mtaa wa Discovery Gardens inaota mkia na pembe. Ndiyo, ni mimi Nafula, binti wa Bungoma, niliyeumbuka Ijumaa mchana kweupe mbele ya mabibi wa Kizanzibari waliojaa sebule nzima kule Al Warqa, hapahapa Dubai, na kilichoniumbua si mwanamume wala simu, ni kitabu.

Kazi yangu mnaijua. Namtunza Bibi Salma, mama yake madam: dawa, kuoga, kumtembeza uani jua likishapoa. Bibi alizaliwa Unguja akaja huku msichana, na Kiswahili chake ni kile kinachokufanya wewe wa bara ujione unatafuna kokoto. Sasa mjukuu wake, Maryam, alipokwenda kusoma ng'ambo aliacha chumbani kwa bibi yake kitabu cha Kiingereza kinene kama tofali, hadithi ya ukoo mmoja wa Uingereza enzi za Malkia Victoria, kuanzia babu aliyefungua kiwanda cha kufuma nguo mpaka vitukuu. Nilikuwa nakisoma Bibi akilala adhuhuri (msinitazame hivyo, dawa nilikuwa nimeshatoa), na siku moja nikacheka kwa sauti.

"Unacheka nini peke yako?" Kumbe hakulala.

"Kuna binti hapa Bibi, amempiga chini mchumba kwa sababu ya ndevu."

"Mchumba hukataliwa, mwanangu, hapigwi chini, si debe. Hebu nisomee."

Basi ikawa ndiyo desturi yetu. Macho yangu yanasoma Kiingereza, mdomo unatoa Kiswahili, Bibi anakinyoosha. Mtauliza bibi wa Unguja na mimi wa Bungoma tulikuwa tunatafuta nini kwa Wazungu wa zamani zile, na makoti yao na ukungu wao. Mimi nawaambia hadithi ya ukoo haina mwenyewe. Mtoto unamwona akizaliwa, unamwona akilia kunyimwa sukari, halafu kule mbele amekuwa mama mkwe mkali anayenyima wenzake sukari, na ni wewe tu unayejua ukali ule aliutoa wapi. Jina la babu linarudi kwa mjukuu, ugomvi wa ndugu wawili unamaliziwa na watoto wao waliooana. Ukoo wa Bibi umetawanyika, wengine Unguja, wengine Maskati, wengine hapa, na hajawahi kuwaona wote chumba kimoja. Kitabuni wote wapo. Tena shingoni anavaa rupia ya zamani yenye kichwa cha malkia huyohuyo, aliachiwa na bibi yake, na nikifungua kitabu tu huishika.

Kipenzi chake alikuwa Bi Harieti, bibi wa ukoo ule, mkali, mpenda chai, anayeficha peremende mfukoni ili daktari asizione. (Bibi Salma naye huficha haluwa chini ya mto. Nimeshaikuta.) "Huyu hirimu yangu," alikuwa akisema. "Tuone nani atamtangulia mwenzake."

Halafu Bibi akaugua kifua. Tulilala hospitali, mimi kwenye kiti, nikimsikiliza anavyoivuta pumzi kwa shida, na nilimpenda mpaka nikaogopa. Aliporudi nyumbani, mwepesi kama kanga iliyoanikwa, neno lake la kwanza kitandani likawa, "Yalla, Bi Harieti anaendeleaje?"

Nikafungua. Ukurasa wa pili tu, Bi Harieti akafa.

Mngefanyaje? Nikasema koo limenikauka, nikaenda jikoni, nikasimama mbele ya friji nikalia kidogo, nikarudi na glasi ya maji, nikakaa, nikasema, "Bi Harieti aliugua sana, lakini akapata nafuu."

"Alhamdulillahi," Bibi akasema, akalala usingizi mzuri.

Nilidhani nimemaliza, kumbe ndiyo nimeanza, kwa sababu nusu nzima ya kitabu inasimama juu ya kifo kile! Watu wamevaa nyeusi mwaka mzima. Nikasema ndiyo mitindo iliyoingia. Ndugu wanagombania nyumba aliyoiacha. Nikawagombanisha juu ya birika la fedha. Binti yake anarithi kiti chake karibu na moto. Nikasema bibi amehamia kiti kingine, mgongo unamsumbua. Kila siku namtafutia mama wa watu kazi ya kufanya, leo anamkaripia mpishi, kesho anamfundisha kitukuu kushona, na Bibi naye maswali hayaishi: "Meno anayo bado? Anapanda ngazi mwenyewe?" Nilikuwa nikijibu huku jasho linanitoka na kiyoyozi kinanguruma.

Kibaya zaidi, Bibi alikuwa akizirusha habari hizo kwa sauti kwenye kundi la simu la mabibi wenzake. Dubai nzima ya Kizanzibari ikamjua Bi Harieti asiyekufa. Kwa hiyo Ijumaa ile baada ya Idi, Maryam akiwa amerudi likizo na nyumba imejaa wageni, biriani imeliwa, kahawa inazunguka, Bibi akaita, "Nafula, njoo utusomee. Leo wasikie wenyewe."

Nikasema kitabu sijui nimekiweka wapi. Bibi akakitoa chini ya mto alioegemea, pamoja na haluwa.

Nikakaa katikati ya mabibi. Nikafungua palipokuwa na alama, na moyo ukashuka hadi kwenye ndara: ukoo mzima uko makaburini, umezunguka kaburi la Bi Harieti. "Siku hiyo," nikasema, "jamaa wote walimwendea Bi Harieti bustanini, wakampelekea maua. Naye akawamiminia chai."

"Mashaallah, na umri wote huo!" akasema bibi mmoja mnene aliyekaa karibu na mlango, kisha akakunja uso. "Lakini si aliolewa kabla ya garimoshi? Na mlisema juzi pana motokaa?"

"Ana afya," nikasema.

Maryam alikuwa nyuma yangu na sinia la vikombe, na mimi sikumwona. Akainama begani pangu, akasoma, akapasuka kicheko. "Dada Nafula! Chai gani? Hapa ni makaburini. Bi Harieti si alikufa zamani?"

Halafu likaja lile nililokuwa naliogopa, maana madam alitua kikombe chake taratibu, akaniangalia. "Khalas, weka kitabu. Muda wote huu unamdanganya mama yangu? Na dawa zake je, nazo unaniambia amekunywa ili nifurahi?"

Jamani, hapo ndipo nilipojua aibu ni nini. Kuchekwa si kitu. Lakini madam alikuwa na haki. Niliona kazi inakwenda, na zaidi ya kazi nilimwona Bibi akioshwa na mikono ya mtu mwingine asiyejua kwamba bega la kushoto linamuuma. Machozi yakanitoka. Nikasema, "Dawa sijawahi, madam. Ni huyu mmoja tu. Sikuweza kumuua."

"Mwache mtoto," Bibi akasema. "Mimi n'lijua."

Wote tukamgeukia.

"N'lijua siku ile ile. Sauti ilimkatika, akenda kuniletea maji nisiyomwomba, akarudi macho mekundu kama kala pilipili. N'kajua mwenzangu kesha kufa. N'kasema, huyu ananionea huruma, na miye nimuonee." Akacheka mpaka akakohoa. "Lakini n'kimuuliza meno makusudi. Nilitaka nione atafika nae wapi."

Mabibi wakaangua kicheko, bibi wa mlangoni akafuta machozi kwa mtandio, na hata madam akageuza uso ukutani, mabega yanamtikisika.

Kisha Bibi akashika rupia yake. "Sasa nisomee kweli. Nataka kujua alikufa vipi."

Nikarudi nyuma, nikasoma, na safari hii sikuruka neno. Alikufa alasiri ya kawaida, kwenye kiti chake, kitukuu wake akiwa chini anamtungia uzi kwenye sindano, na mtoto akamngoja aipokee sindano, akamngoja tena. Mabibi wakasema maneno yanayosemwa mtu akifa, wakayasema kwa dhati.

"Kafa vizuri," Bibi akasema. "Watu wake walikuwepo. Lete hicho kitabu."

Nikampa. Akaweka kidole mahali Bi Harieti alipofia, na kwa mkono mwingine akazipapasa kurasa zilizobaki, akizipima unene kwa dole gumba.

"Zote hizi ni baada yake?"

"Zote, Bibi."

"Wajukuu zake hawa?"

"Na vitukuu."

Akazishika muda mrefu, akimtazama Maryam aliyekaa miguuni pake na sinia lake. "Basi ni nyingi," akasema. "Endelea."

Kwa hiyo chekeni mchoke, lakini nimeapa: mtu wa kitabuni akifika siku yake, namwacha aende. Nasoma kifo chote, hata sauti ikinikatika. Bibi hunyoosha mkono nimpe kitabu, akapapasa unene uliobaki, kisha akanirudishia tuendelee.