Dirisha Nyuma ya Ayeeyo

Katika harusi za Garissa, upande wa wanawake, simu zote huachwa mlangoni ndani ya karai. Kamera ya Ilwad, mpiga picha, ndiyo pekee inayopita, kwa sababu ni ya filamu: picha zake hazirushwi mtandaoni, na filamu yenyewe hukabidhiwa mama wa bibi harusi. Kuaminiwa huko kulimtia hofu kila mara. Filamu haikuonyeshi kosa mpaka isafishwe Nairobi, na harusi hairudiwi.

Siku ya harusi ya Ruqiya, nyanya yake, Ayeeyo Ebla, alifika kutoka Diff, mbali mpakani. Tangu picha ya kitambulisho hakuwahi kupigwa nyingine. Akakaa kando ya mjukuu wake, mgongo dirishani.

"Moja tu," alisema, akiikwepa kamera kwa macho. "Usinimalize."

Ilwad aliiacha kamera kwenye otomatiki ijipimie mwanga yenyewe. Akabonyeza. Tk! Mlio mfupi mno. Mashine ilikuwa imepima jua kali la dirishani, ikafumba jicho upesi. Kwenye filamu Ayeeyo angekuwa kivuli, hana macho, hana mdomo.

Ayeeyo alikwisha kuinuka. Hakuna aliyejua. Ilwad angeweza kunyamaza, jina lake likabaki safi mpaka filamu irudi.

"Ayeeyo, nisamehe. Nimekosea. Kamera imeona dirisha, haikukuona wewe."

"Nimekaa hapa mkubwa kama ngamia, haikuniona?"

"Inunulie miwani!" akapaza shangazi Muslimo, chumba kizima kikaangua kicheko. Ruqiya hakucheka.

"Ayeeyo, nakuomba," Ruqiya akasema. " Kesho unarudi Diff."

"Nilisema moja."

Bikizee akamshika Ilwad mkono ili amwondoe njiani, akausikia unavyotetemeka. Akamtazama.

"Wallahi, huyu anaogopa kunishinda mimi." Akakaa.

Ilwad akasogea mpaka karibu na uso ule, lenzi isione kitu ila ngozi na mikunjo yake. Akabonyeza kitufe nusu, akakishikilia ili kipimo cha mwanga kisipotee, kisha akarudi kinyumenyume, akipapasa zulia kwa visigino. Kidole kikiteleza, mashine itasahau, italiona jua tena. Jasho lilishafika kwenye kidole hichohicho.

"Usipumue, Ayeeyo."

"Pumua wewe kwanza."

Akabonyeza. Safari hii jicho la kamera lilifunguka, likakawia, na muda wote huo bikizee akamkazia macho bila kupepesa, mpaka likafumba.