Mbuzi wa Pole Aliyefika Kortini

Ugbad alipoingia mtaa wa Noonkopir, kule Kajiado, kutoka Wajir, alikuwa na furushi la mapazia na mdomo. Mapazia yaliisha wiki ya kwanza. Mdomo haujaisha mpaka leo.

Kuna mwenye nyumba aliyewahi kumfungia duka kwa kufuli. Ugbad hakubishana. Alitandika mapazia yake mbele ya geti la mwenye nyumba akauzia hapo, na jua halijafika utosini, wageni wa mwenye nyumba walikuwa wanaulizana bei. Kufuli ilitolewa na mwenyewe, kwa mkono wake.

Kwa hivyo Githongo, muuza vigae wa duka la pili, hawezi kusema hakuonywa.

Wawili hao waliagiza mali pamoja kutoka Dubai. Kontena moja, jina la Githongo kwa sababu ndiye aliyekuwa na leseni, vigae vyake chini, vitambaa vya Ugbad juu. Mapatano yalikuwa ya mdomo, kama ya wengi pale mtaani. Halafu meli ikatekwa na watu wa bunduki kule Bahari ya Shamu, na habari zikaja kwamba mali yote imekwenda na maji. Githongo na mkewe Virginia wakamwendea Ugbad nyumbani na mbuzi wa pole. Wakaketi mkekani, wakanywa chai, wakasikitika pamoja. Mbuzi akachinjwa, majirani wakala.

Kumbe watekaji walikuwa waungwana kuliko jirani. Waliiachilia meli, kontena likafika zima, na Githongo akaliingiza ghalani kimya kimya, kama mtu anayekula nyama akiwa amezima taa. Ugbad alijua siku mteja alipomletea mapazia mapya ayapinde. Kitambaa kilikuwa kile kile alichokichagua yeye mwenyewe, na mteja alikuwa amekinunua kwa Githongo.

Akaenda kwa Githongo hata viatu hajavaa vizuri.

"Mzee, mzigo wangu umefika lini?"

"Mzigo gani tena, mama? Ule tulimalizana. Si ulikula mbuzi?"

"Nilikula pole."

"Pole iko na miguu minne? Hiyo ilikuwa fidia. Lakini mimi si mtu mbaya. Chukua robota mbili za vitambaa, tusisumbuane."

Rafu za Ugbad zilikuwa tupu. Bila vitambaa vile, duka lingefungwa kabla ya mwisho wa mwezi, na Githongo alilijua hilo vizuri sana.

"Siombi changu," Ugbad akamwambia. "Tutaonana kortini Kajiado."

Siku ya kesi alifika kwenye geti la korti akivuta mbuzi. Kakake, Muhumed, anauza mifugo, na alikuwa amemchagulia mnono. Askari wa geti akamtazama mnyama kwanza, mtu baadaye, kisha akasalimu kwa Kimaasai.

"Sopa, mama. Huyu naye ni shahidi?"

"Huyu ni mali ya mtu. Nishikie, mwenyewe atamchukua."

Ndani, Nashon, wakili wa Githongo, alisimama akiwa ameshashinda usoni.

"Mama Ugbad, ulipokea mbuzi ama hukupokea?"

"Nilipokea. Nikamla. Alikuwa mgumu."

"Basi ulilipwa."

"Wakili, ukifiwa na baba yako, mtu akikuletea sukari, anarudi kwake na shamba la mzee?"

Watu wa Kajiado wakisikia shamba hawalali. Korti nzima ilicheka, hata karani. Hakimu, mama mmoja asiye na haraka, akagonga meza, lakini polepole.

"Na kwa sababu mzee ameanza kuhesabu," Ugbad akaendelea, "mbuzi wake yuko nje. Mnono kuliko wake. Achukue chake, anipe changu."

Kicheko kikakatika. Pole hairudishwi. Ukimrudishia mtu pole yake, umemwambia mbele za watu kwamba hakuja kulia nawe, alikuja kununua. Githongo akatazama dari. Ila Virginia, aliyekuwa nyuma yake, alifunika uso kwa leso, kisha akasimama.

"Mheshimiwa, ule mbuzi nilinunua mimi. Pesa ya kuku wangu. Sikununua kitambaa cha mtu."

"Virginia, kaa chini," Githongo akanong'ona.

"Nimekaa ya kutosha."

Hakimu akamwapisha, akamsikiliza mpaka mwisho. Uamuzi haukuwa mrefu: ghala lifunguliwe, na kila robota ya vitambaa irudi kwa Ugbad.

Nje, Virginia alimshika mkono. "Mama, pole yangu usinirudishie."

"Yako niliila, dada, na nilishiba. Huyu ni wa yule."

Yule alikuwa ameshalipita geti, koti begani, akitembea kama mtu aliyeacha sufuria motoni.

"Mwenye mbuzi ni nani?" askari akauliza, kamba mkononi.

"Ni huyo anayekimbia," Ugbad akasema. "Mwite kwa jina, wote wasikie. Anaitwa Githongo."