Mfadhili alitusimamishia chakula cha mafuriko kisa sufuria za madrasa

Wakuu, poleni na majukumu. Hili sikusimuliwa, nilikuwepo mwanzo mwisho.

Niko Kilosa, katibu wa kikundi kidogo cha kusaidia watu wakati wa mafuriko. Msimu ule maji yalibeba nyumba na mahindi, familia zikahamia kwenye madarasa ya shule kule Kimamba. Shirika moja la nje likakubali kutupa hela ya unga na maharage.

Sufuria kubwa tukaazima madrasa. Huku kwetu ni kawaida: harusi au msiba, Muislamu au Mkristo, sufuria ni hizo hizo. Zina jina la madrasa kwa rangi nyekundu ili zisipotee.

Nikapiga picha watu wakila, nikatuma na ripoti.

Ikaja email: malipo yamesimamishwa. Mkataba una kipengele cha sheria za ugaidi, haturuhusiwi kushirikiana na taasisi ambayo haijafanyiwa vetting, yaani kuhakikiwa.

Wakuu, sufuria!

Na unga ulikuwa unaelekea kuisha.

Mwenyekiti wetu akataka nipige picha nyingine, jina lisionekane. Nikagoma. Ustadhi wa madrasa alivyosikia akaja mwenyewe na msasa.

"Katibu, ngoja nilifute jina, ili watoto wapate kula."

Hakuwa hata na hasira. Hapo ndipo nilipoumia.

Mama Neema, mpishi wetu mkuu, Mwanglikana wa kanisani kila Jumapili, akamnyang'anya ule msasa. "Msiba wa mume wangu watu walikula kwenye sufuria hii, Ustadhi. Hufuti kitu."

Mwakilishi wa shirika, kijana mmoja, alikuwa Mikumi kwenye semina. Tukamfuata watatu, mimi, Ustadhi na Mama Neema, na sufuria moja. Kwenye basi watu wanatuuliza tunaenda kupika harusi ya nani.

Yule kijana akamwamkia Mama Neema shikamoo.

"Marahaba, baba. Gaidi wenu huyu hapa, mhakikini." Akaitua sufuria miguuni pake.

Kijana hakucheka. Akasema hata yeye amebanwa, benki na makao makuu hawataki jina wasilolijua. Lakini akachukua kitambulisho cha Ustadhi na usajili wa madrasa, akavituma palepale.

Jibu lilichukua wiki kadhaa. Watu wa Kimamba walileta unga kwa mabakuli, wenzao wa kijiji cha Munisagara wakaleta mihogo. Moto haukuzimika hata siku moja. Mwishowe madrasa ikaonekana safi, hela ikaachiwa.

Nilichojifunza: ugaidi upo na sheria sizipingi, ila soma mkataba kabla ya kusaini, na ubishane. Mkataba wa safari hii nimeukataa mpaka wakaandika kwamba tunaazima sufuria za madrasa, na vetting ifanyike kabla ya mvua. Wameandika.

Wenye vikundi huko mliko, nyie mlikibishia vipi hicho kipengele? Mwageni uzoefu.

Jina bado lipo. Juzi Mama Neema kalipaka rangi upya.