Namba ya Kyalwe Ilizidi Tarakimu Moja

Adalbert Kyalwe, fundi wa mbao, mtu wa Pweto, alikuwa na mke mmoja, baiskeli moja na namba moja. Balaa ilikuwa kwenye namba.

Élisabethville ya mwaka 1948, mtu mweusi bila buku ya kitambulisho alikuwa kama mzigo uliosahauliwa stesheni. Buku ya Adalbert ilisema 46017. Karibu Cité nzima, mtaa wa Waafrika, ilikuwa na namba za tarakimu nne. Afisa mpya wa vitambulisho, Mbelgiji aliyeamini karatasi kuliko macho yake, alihesabu tano akafurahi kama mtu aliyechimba choo akakuta shaba.

"Faux! Ya uongo! Jumamosi unapanda kamyo, unarudi kwenu."

"Bwana, mwizi wa numero anaiba ile inafanana na ya bengine. Nani anaiba, kisha anaongeza chiffre moja juu ashikwe mbio?"

"Wezi ni wajinga."

"Tafuta basi jina langu mu registre, mu buku kubwa ya majina."

"Majina yenu yote ni mamoja. Namba ndiyo haidanganyi. Na registre inaishia neuf mille septante!"

Septante! Ndiyo sabini ya Wabelgiji: 9070. Neno hilo likamzindua Adalbert. Kule Pweto padri Mfaransa hakusema septante hata siku moja, alisema soixante-dix, sitini-na-kumi. Na mwaka 1941, buku zilipoandikwa, aliyesoma namba za registre kwa sauti alikuwa padri mwingine, Mfaransa pia, aliyekuja kusaidia. Mwandishi alikuwa karani Faustin, yuleyule aliyekaa pale pembeni akitokwa na jasho.

"Yaya Faustin, mukubwa wangu, andika kwanza: quatre mille soixante-dix-sept."

Faustin, mwenye mwandiko wa malaika na masikio matiifu kupita kiasi, akaandika alivyosikia: nne, sitini, kumi na saba. 46017.

Afisa, aliyesikia 4077, akafungua ukurasa wa namba hiyo. Kyalwe Adalbert, menuisier, fundi wa mbao. Akakohoa.

"Hata hivyo, namba yenye kasoro inatosha kumshuku mtu."

"Inatosha kumuuliza, bwana. Kumufukuza ni kazi ingine."

"Mwenye kasoro anafukuzwa. Sheria ni sheria."

"Ndiyo, bwana. Ile siku tulikuwa mustari. Mbele yangu kulikuwa Musonda."

"Musonda gani?"

"Mupishi wako. Quatre mille soixante-seize."

Faustin, kalamu ingali mkononi, akaandika 4076 hiyo bila kutumwa: 46016.

Afisa akatazama saa ya ukutani. Saa sita kasoro robo. Wakati huo Musonda alikuwa anageuza kuku kwenye siagi, hajui kwamba ni mhalifu. Sheria nayo, inaonekana, ina tumbo. Afisa akachukua buku ya Adalbert, akafuta tarakimu zote tano, akaandika 4077, akagonga muhuri mpaka meza ikalia.

"Kosa la maandishi," akatangaza, kama aliyeligundua mwenyewe.

Adalbert alishukuru kwa heshima zote, akatoka, akakaa kwenye ngazi za nje. Kisha akapanda baiskeli yake, akaenda kumwambia mkewe kwamba Jumamosi hakuna kamyo.