Mkono wa Kulia Usipakwe Kitu

Niliunguzwa na korosho. Nikiwaambia hivyo Wakenya wenzangu hapa Dubai wanadhani natania, kwa sababu sisi tuliotoka bara korosho tunaijua ikiwa nyeupe, imetiwa chumvi na kufungwa kwenye pakiti. Kwamba ina ganda, na kwamba ganda hilo lina utomvu unaochubua ngozi, hakuna aliyetufundisha. Mimi nina shahada ya kemia, imelala kwenye sanduku chini ya kitanda changu, na sikujua pia.

Mwenzangu wa kitanda cha juu anatoka Mtwara. Ni mfanya usafi hotelini. Aliporudi kutoka likizo alileta mfuko wa korosho ghafi kwa sababu, alivyosema, zile za madukani huku zina ladha ya karatasi. Kwao huchomwa kwanza nje, kwenye moto mkali, mpaka utomvu uungue wote, ndipo zibanguliwe. Lakini chumba chetu cha Al Baraha, upande wa Deira, kina vitanda sita na king'ora cha moshi kinacholia hata mtu akipika chapati. Tukaamua kuzibangua mbichi, kwa kisu, sakafuni, siku yetu ya mapumziko.

“Paka mafuta ya nazi mikononi kwanza,” aliniambia, yake ikiwa tayari inang'aa mpaka kwenye viwiko.

“Ya nini?”

“We paka tu.”

“Lakini ya nini?”

“Jamani huyu! Bibi yangu alipaka, mama yangu alipaka, na mimi napaka.”

“Hiyo si sababu.”

Alicheka. “Haya, msomi. Kaa na mikono yako mikavu.”

Nikakaa nayo. Nilibangua karibu nusu ya mfuko, nikibadilisha mikono kila nilipochoka, na utomvu mweusi ukinitiririkia hadi karibu na viwiko. Nilikuja kunawa baadaye sana, kwa maji matupu.

Siku ya pili mikono ilianza kuwasha. Siku ya tatu ilikuwa na malengelenge, mengine makubwa kama punje za mahindi, yanayopasuka na kutoa maji. Wakati huo nilikuwa mlinzi kwenye ukumbi wa jengo la ofisi katika eneo huru la biashara karibu na uwanja wa ndege. Kazi yangu ilikuwa kupokea vitambulisho vya wageni na kuwapa kadi za kuingilia. Kazi nzuri, ya kwenye kiyoyozi, ya kiti, niliyoipata baada ya mwaka mzima wa kusimama juani kwenye maegesho. Asubuhi hiyo mgeni mmoja alitazama vidole vyangu, akarudisha mkono wake mfukoni, akaniomba niiweke kadi mezani na nisogee nyuma.

Saa sita supavaiza aliniita. Si mtu mbaya. Anasikiliza mpaka mwisho kabla ya kukataa.

“Sista, hiyo ni nini?”

“Ni korosho, sir.”

“Nakupa mpaka Jumatatu. Mikono ikiwa safi, unabaki hapa. Isipokuwa safi, unaenda Ras Al Khor.”

Ras Al Khor, maana yake geti la ghala la vipuri vya magari. Vumbi, malori, kibanda cha bati.

Nilienda kliniki ya bima. Daktari aliitazama mikono kwa muda mfupi kuliko niliokaa kwenye foleni. Akasema haiambukizi, akanipa krimu ya kupunguza muwasho, akasema niikande kwa maji baridi na nisubiri. Kusubiri mpaka lini? Wiki mbili, pengine tatu. Hakuna dawa ya kuharakisha? Hakuna. Nilimwomba aandike kwamba haiambukizi, akaandika, na nikampelekea supavaiza karatasi.

“Wageni hawasomi karatasi yako,” alisema. “Wanaona mikono yako.”

Niliikunja karatasi nikaitia mfukoni, nimeudhika. Alikuwa amekosea kuhusu ugonjwa lakini hakukosea kuhusu wageni.

Hapo ndipo tiba zilipoanza kunifuata. Kila mtu kwenye jengo tunaloishi alikuwa na yake. Dawa ya meno. Magadi. Siki. Mama yangu, kwa simu kutoka Machakos, alisema unga wa mahindi uliolowekwa. Mama wa Kizanzibari wa ghorofa ya chini, ambaye ameishi Deira tangu kabla sijazaliwa, alinishika kidevu kama mtoto.

“Mwanangu, hebu nionyeshe. Aa, masikini! Paka liwa na marashi ya mawaridi, siku tatu tu. Vipele vyote vya joto hapa navitibu mie.”

“Hivi si vya joto, bi mkubwa. Ni utomvu wa korosho.”

“Ngozi si ngozi?” aliniuliza, na kuniwekea mkononi bakuli la liwa, unga wa mti unaonukia, uliokwisha kukorogwa.

Mwenzangu wa Mtwara naye hakuamini liwa hata chembe. Aliamini mwarobaini. Alikuwa ameuchuma kwenye miti iliyopandwa kando ya barabara nyuma ya msikiti, akautwanga, na chumba kizima kikanuka uchungu.

Ningewakataa wote kama si mafuta ya nazi. Hilo ndilo lililonikosesha raha. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimekataa ushauri kwa kuwa hauna maelezo, na ushauri ulikuwa wa kweli. Mafuta yangezuia utomvu usishike ngozi. Ningefikiri dakika moja tu ningeona. Sasa niliambiwa mambo kumi yasiyo na maelezo, na sikuwa tena na haki ya kucheka hata moja. Wala sikuwa na njia ya kujua lipi ni mafuta ya nazi na lipi ni upuuzi.

Kwa hiyo nikaamua kufanya jaribio. Mikono yote miwili ilikuwa imeungua sawasawa. Wa kushoto ningeupaka liwa asubuhi na jioni. Wa kulia usipakwe kitu, uwekewe kitambaa cha maji baridi tu, kama daktari alivyosema. Kila siku ningeipiga picha yote miwili nilinganishe. Niliwatangazia chumbani, nikaandika hata karatasi, nikaibandika kwenye nguzo ya kitanda.

“Kwa hiyo mkono mmoja uutibu na mwingine uutese?” mwenzangu aliuliza.

“Siutesi. Nauangalia.”

“Na Jumatatu ukifika mmoja umepona na mmoja una malengelenge, supavaiza atakupa nusu ya kiti?”

Wengine walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu swali lilikuwa zuri.

Jaribio lilidumu siku mbili. Siku ya tatu nilipumzika mchana kabla ya zamu ya jioni, na nilipoamka mikono yote miwili ilikuwa ya kijani mpaka kwenye viwiko. Mwenzangu alikuwa amekaa pembeni, kinu kidogo kikiwa kati ya miguu yake.

“Umefanya nini?”

“Ulikuwa unajikuna usingizini, dada. Mpaka damu.”

“Nilisema wa kulia usipakwe kitu! Nimeandika hapo!”

“Nimesoma.”

“Sasa sitajua chochote. Umeniharibia yote.”

“Korosho nilikupa mimi,” alisema, na sauti yake ilibadilika. “Mafuta nikakuambia upake, ukabisha, nikakucheka badala ya kukushika mkono nikakupaka. Kila nikiiona hiyo mikono naona niliyoyafanya mimi. Wewe unataka kujua. Mimi nataka upone. Khalas.”

Nilitoka kwenda kunawa. Nilinawa kwa hasira, jambo ambalo kwa ngozi iliyochubuka ni ujinga, na niliporudi hatukuzungumza tena siku hiyo.

Jumatatu malengelenge yalikuwa yamekauka na kuwa magamba ya kahawia. Niliyaona kama maendeleo. Supavaiza alinyoosha viganja vyangu juu ya meza, akavitazama mbele na nyuma.

“Bado,” alisema.

“Yanakauka, sir. Siku chache tu.”

“Nilisema Jumatatu.”

Jumanne nilikuwa Ras Al Khor.

Magamba yalianguka siku kumi baadaye, mikono yote miwili kwa pamoja, katika wiki ya tatu, kama daktari alivyosema. Chini mama wa Kizanzibari anawaambia watu ni liwa yake. Juu mwenzangu anasema ni mwarobaini, na tumepatana, lakini hataki kusikia vinginevyo. Nikisema ingepona yenyewe wananiuliza nimejuaje, nami siwezi kuwajibu, maana mkono ambao ungenijibu ulipakwa.

Nilimtumia supavaiza picha ya viganja vyangu vikiwa safi. Akajibu kwamba ukumbini ameshaweka mtu mwingine, kisha akaongeza: “Mashallah. Ulitumia nini? Mke wangu naye ana upele.”

Nilianza kumweleza. Niliandika aya nzima kuhusu utomvu na ngozi na muda, nikaifuta. Lori lilikuwa limefika getini na dereva anapiga honi. Nikaandika “Wiki tatu,” nikatuma, nikatoka juani kumfungulia.