Mjusi wa Moto Aliyeota Mabawa

Jumamosi ya tarehe 6 Novemba 1999 nilimpoteza kaka yangu ziwani. Alikuwa na miaka thelathini na minne. Habari hazikunifuata nyumbani, nilikuwa palepale mwaloni, ufukweni wavuvi wanapotia nanga, brashi mkononi, na neno lililowapeleka watu kumtafuta mahali ambapo hakuwapo lilitoka kinywani mwangu. Naliandika jinsi lilivyokuwa. Sitaki kuongeza wala kupunguza.

Kazi yangu ilikuwa kuchora mabango. Niliishia darasa la saba, lakini mkono wangu ulikuwa mwepesi, na miaka ile kila mtu Mwanza alikuwa anafungua kitu: saluni, bucha, duka la mitumba, chumba cha kuonyesha video. Wote walitaka jina mlangoni. Nilikuwa na kibanda Igoma, kando ya barabara ya Musoma, na sikukosa kazi. Mitumbwi nilianza kuichora kwa ajili ya kaka. Yeye alikuwa nahodha wa mtumbwi wa dagaa.

Dagaa huvuliwa wakati wa giza, siku ambazo mwezi hauonekani. Wavuvi huwasha karabai na kuziweka juu ya vipande vya mbao vinavyoelea, dagaa hufuata mwanga, kisha hufungiwa nyavu. Kwa mvuvi wa dagaa, moto juu ya maji ndiyo riziki yake. Bila kulijua hilo mtu hawezi kuelewa kwa nini kaka alimpenda yule mjusi.

Mjusi aliletwa na binti yake. Alikuwa na miaka tisa na aliishi kwangu kwa sababu mama yake alikuwa ameolewa kwingine. Siku hizo madukani ziliingia jojo za kutafuna zilizofungwa pamoja na vipicha vya kubandika, na watoto wa shule yao walivikusanya kama wazimu. Walibadilishana, waligombana, waliviweka ndani ya madaftari. Vilikuwa picha za wanyama wasiokuwepo duniani. Mmoja alikuwa mjusi wa rangi ya chungwa, amesimama kwa miguu miwili kama mtu, tumbo jeupe, mdomo wazi, na mdomoni moto unatoka.

"Huyu ndiyo nini?" kaka alimuuliza siku alipokuja kututembelea.

"Mjusi, baba. Anatema moto."

"Anapatikana wapi? Sengerema?"

"Baba! Hayupo. Ni wa mchezo. Watu wanawakamata porini, wanawafuga, halafu wanawapambanisha."

"Akiingia majini moto wake hauzimiki?"

"Anaumia sana."

"Basi tutamweka juu kabisa, maji yasimguse." Akanigeukia. "Fundi, unasemaje? Nichoree huyu kwenye mtumbwi. Mwenzangu ana karabai ya kununua mafuta, mimi nitakuwa na karabai inayojitemea moto yenyewe."

Nilimchora pande zote mbili za ncha ya mbele, ukubwa wa mkono wangu. Nilitumia rangi nzuri ya mafuta. Ilitokea kwamba msimu ule wa giza kaka alipata dagaa kuliko mitumbwi mingine ya mwalo wetu, na wavuvi ni watu wa kuamini kitu upesi. Hazikupita wiki mbili, nahodha mwingine wa palepale, mtani wake mkubwa, akaja kibandani kwangu na kipicha chake. Alikuwa amemnyang'anya mwanawe. Huyu mnyama wake alikuwa mkubwa, wa rangi ileile ya chungwa, anatema moto vilevile, ila ana mabawa mawili mapana.

"Nataka huyu," alisema. "Mjusi mwachie kaka yako. Yule ni wa ukutani, anakula nzi."

Kaka alipousikia utani huo alimjibu mbele ya watu, "Ndege wako huyo usimfunge vibaya. Ataruka na nyavu, ubaki na kasia."

Nilimchorea. Mimi niliona ni wanyama wawili tofauti, kama mbuzi na ng'ombe. Sikumuuliza mtoto. Nilipata malipo yangu, nikafunga kopo la rangi.

Basi mwalo mzima ukawa na mitumbwi miwili ya moto: wa kaka wenye mjusi, na wa mtani wake wenye mabawa. Mwezi wa kumi na moja ulipoingia, wote wawili walihamia ng'ambo, upande wa Kamanga, kupiga kambi huko kwa ajili ya giza. Dagaa walikuwa wamehamia huko. Wasingerudi mpaka mwezi uonekane tena.

Jumamosi ile nilikwenda mwaloni asubuhi kumalizia mtumbwi wa mtu mwingine. Nilimchukua mtoto kwa kuwa hakukuwa na shule. Alfajiri mvua ilikuwa imenyesha na upepo mkali, mabati mawili ya nyumba ya jirani yalichukuliwa. Lakini kufikia saa mbili jua lilikuwa limetoka, na wanawake walikuwa wameshaanza kuanika dagaa mchangani. Mke wa yule mtani alikuwa miongoni mwao, ana ufagio, anageuza dagaa huku akiimba wimbo wa kanisani.

Vijana wawili wakaja mbio kutoka mjini. Kivuko cha kwanza kutoka Kamanga kilikuwa kimefika, na mabaharia wake walisema katikati ya ghuba wameuona mtumbwi umelala ubavu, umejaa maji, hauna mtu. Ulikuwa mbali nao. Namba hawakuiona. Waliona tu picha kwenye ncha yake, mnyama wa rangi ya chungwa anayetema moto.

Mwenyekiti wa mwalo alikuwa mzee mtulivu. Aliita watu, wakakusanyika haraka. Injini ilikuwa moja, na mafuta ya petroli yaliyokuwepo yalitosha kwenda upande mmoja na kurudi. Hapo ndipo shida ilipokuwa. Mtumbwi mtupu huchukuliwa na upepo, ulipo leo sipo watu walipoachwa. Ilibidi kujua ni wa nani, kwa sababu kila nahodha alikuwa na mahali pake pa kutega. Kaka alipenda ndani ya ghuba, upande wa kusini. Mtani wake alitega nje, kaskazini, kuelekea visiwani.

Mwenyekiti akanitazama. "Binti, wewe ndiye uliyeichora yote miwili. Ni upi?"

Nikamuuliza kijana aliyeleta habari, "Huyo mnyama, ana mabawa?"

"Anayo," alisema. "Mabaharia wamesema hivyo. Mabawa huku na huku."

"Una hakika?"

"Dada, mimi nimeambiwa. Mabawa."

Nilichohisi wakati ule ilikuwa furaha. Sikuhisi huruma kwanza, huruma ilikuja baadaye. Nilisema kwa sauti, kila mtu akasikia: "Namshukuru Mungu. Huo si wetu. Wa kaka hauna mabawa."

Mtoto alinivuta sketi. "Shangazi."

"Subiri."

"Shangazi, lakini yule mdogo akishinda sana anaota mabawa. Ni huyohuyo. Baba alisema..."

"Nyamaza!" nilimwambia. "Watu wazima wanaongea."

Alinyamaza. Kwetu mtoto hukatazwa hivyo mara kumi kwa siku na hakuna anayegeuka kutazama. Wala mimi sikugeuka. Nilikuwa naangalia kule wanawake walikokuwa, kwa sababu mke wa mtani alikuwa ameacha kuimba. Aliuliza, "Mabawa ni ya nani?" Akauliza tena, akinitazama mimi. Kisha alianguka juu ya dagaa wake akaanza kulia kwa kilio kile cha msibani. Nikaenda kumshika. Nilimkumbatia, nikampangusa mchanga usoni, nikamwambia ajikaze. Nilikuwa namfariji kwa moyo mwepesi. Hilo nalo ni kweli.

Mtumbwi wa injini uliondoka kabla ya saa tatu kuelekea kaskazini.

Tulikaa. Wanawake walimfunga yule mama kanga kiunoni, mmoja akaenda kuwachukua wanawe. Nilichemsha chai. Saa nne ikapita, saa tano. Mtoto alikuwa amekaa peke yake juu ya mtumbwi uliopinduliwa, ananitazama. Nilimpa kikombe cha chai, akakikataa. Nikadhani amenuna kwa sababu nilimkaripia mbele ya watu.

Karibu na saa saba tulisikia injini. Wanawake wote wakasimama. Mtumbwi ulikuwa unakuja kwa kasi, na mtu aliyekuwa amekaa mbele alikuwa yule mtani mwenyewe, mzima, hata kofia yake kichwani. Upepo ulipoanza alikuwa amekimbilia kisiwani na mtumbwi wake, akaufunga, akalala kwenye banda la watu. Walipomkuta alikuwa anakula ugali.

Mke wake alikimbia majini mpaka kiunoni. Alikuwa analia na kucheka na kumpiga mumewe kifuani kwa ngumi. Hata watu wengine walianza kucheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshaanza kuelewa, ila nilitaka mtu mwingine aniambie kwamba sivyo.

Mtani alishuka akaja moja kwa moja kwangu. Utani wote ulikuwa umemtoka.

"Mtumbwi uliopinduka ni wa kaka yako," alisema. "Alimwongezea mabawa juzijuzi, kule kambini. Aliyachora mwenyewe, kwa rangi ya kuzibia mbao. Mabaya kweli. Tulimcheka. Akasema binti yake amemwambia mjusi akishinda vita vingi anapanda cheo, na giza lililopita alitushinda wote."

Niligeuka kumtafuta mtoto. Alikuwa bado pale juu ya mtumbwi.

Mwenyekiti alituma vijana kukusanya petroli, lita mbili hapa, lita moja pale, kwenye pikipiki na kwenye mashine ya kusaga. Ilichukua karibu saa nzima. Mtani alikataa kupumzika, akaenda nao. Safari hii walielekea kusini.

Waliwakuta jua likiwa linashuka, ndani ya ghuba, pale kaka alipozoea kutega. Wenzake watatu walikuwa hai, wameshikilia mbao mbili za karabai, midomo imepasuka. Yeye hakuwepo. Walisema mbao hazikuweza kubeba watu wanne, kwa hiyo walikuwa wanapokezana, mmoja anaogelea pembeni wengine wameshika. Kaka ndiye aliyekuwa anapanga zamu. Alikuwa anawaambia kwamba watu wa mwalo wetu wana injini, watakuja kabla ya saa tano, kwa sababu kila mtu anajua yeye hutega wapi. Saa tano ikafika. Akawaambia labda injini imesumbua. Jua lilipokuwa utosini ilikuwa zamu yake ya kuogelea, na waliposema apumzike alisema bado. Baadaye kidogo waliangalia na hawakumwona.

Kutoka mwaloni kwetu hadi pale ni mwendo wa saa moja na nusu kwa injini. Nimeshaupima moyoni mara nyingi na sitaupima tena hapa.

Mwili ulipatikana Jumapili mchana, kwenye matete. Tulimzika Jumatatu. Watu walikuwa wengi, wavuvi wa mialo mingine walikuja, na mke wa mtani alipika siku zote tatu za matanga kwa ajili ya wageni. Hakuniambia lolote kuhusu asubuhi ile. Alinikabidhi tu sahani na kusema, "Dada, kula," nami nikala kwa sababu sikuwa na uso wa kumkatalia.

Siku ya kumaliza matanga wazee walikaa kuzungumza, kama desturi ilivyo: nani alikuwa na deni na marehemu, mtoto atakaa na nani. Iliamuliwa abaki kwangu. Kisha mwenyekiti wa mwalo aliuliza kama kuna mwenye neno. Nilisimama. Wanawake hatusimami sana kwenye kikao kile, lakini nilisimama. Nilisema kwamba mimi ndiye niliyesema mtumbwi si wetu. Nilisema nilimwuliza kijana maswali mawili tu na sikumwuliza mtoto hata moja. Nilisema mtoto alijua, alitaka kusema, na mimi nilimnyamazisha.

Mjomba wangu mmoja alianza kusema kazi ya Mungu haina makosa. Mwenyekiti alimzuia kwa mkono.

"Nilimsikia," alisema. "Nilikuwa nimesimama karibu nao. Nilimsikia mtoto akisema baba alisema. Nikaona ni mambo ya watoto."

Aliinamisha kichwa, akabaki anazichezea shanga za fimbo yake.

Nikamwita mtoto. Alikuwa nyuma ya nyumba na wenzake, wanaosha vyombo. Alikuja mikono ikiwa na majivu hadi kwenye viwiko, akapiga goti mbele ya wazee, "Shikamooni," wakaitikia. Nilimwambia, "Mwanangu, siku ile mwaloni ulitaka kusema kitu nikakukataza. Nisamehe. Hawa wote wanakusikiliza sasa. Sema."

Alinitazama, kisha akamtazama mwenyekiti, na wale wazee mmoja mmoja.

"Nimesahau, shangazi," alisema.

"Hujasahau."

"Nimesahau."

Akasimama, akaomba ruhusa, akarudi kuosha vyombo.